Ulizia majibu ya vipokezi vya homoni

Kila Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti, maswali yanayofika maabara ni yale yale: sidiria inayobana, pigo la utotoni, sindano ya uzazi wa mpango. Sidiria na pigo tuviweke kando, havisababishi saratani. Tumeshalisema mara nyingi. Homoni ndizo zenye mazungumzo.

Estrojeni na projesteroni, homoni za kike, si sumu. Huziamuru seli za titi zigawanyike, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika vinasaba. Seli iliyokwisha kuharibika hukuzwa na estrojeni hiyo hiyo. Ndiyo maana aliyevunja ungo kabla ya miaka 12, au aliyekoma hedhi baada ya 55, hatari yake iko juu kidogo. Kunyonyesha huipunguza kwa takriban asilimia 4 kwa kila miezi 12. Hedhi ikikoma, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni, kwa hiyo unene wa umri huo nao unahesabika.

Vidonge na sindano za uzazi wa mpango huongeza hatari kidogo, nayo hupungua taratibu mtu akiacha. Lakini kumwambia mgonjwa "ni ile sindano" ni kudai jambo ambalo hata sisi wenye darubini hatuwezi kulithibitisha kwa mtu mmoja.

Sasa kipimo chenyewe, kile cha vipokezi vya homoni. Saratani 7 hadi 8 kati ya 10 za matiti zina vipokezi vya estrojeni, yaani milango ambayo homoni hupitishia amri zake. Kinyama kilichokatwa titini kwa kipimo hiki kiingie kwenye formalini, dawa ya maji ya kuhifadhia, ndani ya saa moja na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa, vipokezi huharibika na majibu yanaweza kutoka hasi wakati ukweli ni chanya. Chupa iandikwe jina la mgonjwa, saa ya kukatwa na saa ya kuingizwa kwenye formalini. Saa zote mbili, si moja. Ndugu mliokabidhiwa chupa, msiilaze nyumbani kwenye friji kungoja siku ya nafasi. Maabara tunatia rangi inayoonyesha vipokezi: viini vya seli za saratani vikiishika kuanzia asilimia 1, majibu huhesabiwa chanya, ingawa kati ya 1 na 10 tunaandika kwamba vipokezi ni vichache. Fomu isiyo na majibu hayo haijakamilika. Mgonjwa ana haki ya kuyaulizia, mwanamume pia, kwani wanaume wachache wanaougua wengi wao wana vipokezi.

Wenye majibu chanya huandikiwa "tiba ya homoni", na hapo wengine hukataa: homoni zimeniletea ugonjwa, mbona mnaniongezea? Jina hilo tulilitoa sisi, na lawama tunaipokea. Tamoksifeni, mojawapo ya dawa hizo, haiongezi homoni. Huziba mlango wa estrojeni kwenye titi. Dawa nyingine, kwa waliokoma hedhi, huzuia estrojeni isitengenezwe. Humezwa kwa miaka 5, wengine hadi 10, hata kama uvimbe uliondolewa zamani, kwa kuwa saratani ya aina hii inaweza kurudi baada ya miaka mingi. Dawa ikileta joto la ghafla mwilini au maumivu ya viungo, nayo yakizidi, mrudie daktari aliyeandika dawa kabla ya kuiacha. Mara nyingi hupatikana nyingine ya kubadilisha.