Kimo cha mashine ya boti, na maana ya kuirudisha nyuma

Maji yakipwa pale Sahare, Tanga, boti za faiba hubaki zimekaa mchangani, na ndipo unapoweza kuona jinsi mashine ilivyofungwa. Chukua ubao ulionyooka, ubane chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, uache utokeze nyuma hadi kwenye mguu wa mashine. Sasa tazama lile bamba la ulalo lililo juu kidogo ya panga, yaani rafadha inayosukuma boti. Tofauti kati ya bamba na ubao ndiyo inayoitwa kimo cha mashine.

Kwa boti nyingi, pa kuanzia ni bamba kuwa sawa na mkuku. Likiwa chini mno, mguu unaburuta maji, mafuta yanateketea na mwendo hauonekani. Kosa hili nimeliona mara nyingi, na chanzo chake ni mguu kutolingana na kibao cha shetri, ule ubao wa nyuma ya boti inapofungwa mashine. Mguu mfupi ni wa kibao chenye kimo cha inchi 15, mrefu wa inchi 20. Funga mrefu kwenye kibao cha 15, umezamisha inchi 5 za bure.

Likiwa juu mno, panga linavuta hewa: mashine inalia, boti haisogei, hasa ukikata kona au wimbi la kusi likiinua shetri. Tena tundu za maji ya kupoza zikikosa maji, mashine inaungua. Kile kijimfereji cha maji kinachoruka ubavuni kikidhoofika, shusha mara moja.

Kurudisha nyuma ni kuifunga mashine kwenye fremu inayoiweka mbali na kibao. Boti ikikimbia, maji yakishatoka chini yake huinuka kidogo, na huko panga hukuta maji yaliyotulia. Kwa hiyo mashine inaweza kupandishwa zaidi. Lakini uzito nao unasogea nyuma. Boti ya mbio itafaidika. Boti ya uvuvi inayorudi na barafu, nyavu na samaki, mimi siishauri: shetri inazama, omo, yaani mbele, inaelea, na maji yanaingia kwa nyuma.

Mashine zinazofungwa kwa bolti pandisha tundu moja moja, kama milimita 19 kila mara. Ndogo zinazobanwa kwa skrubu za mkono, weka kipande cha mbao ngumu juu ya kibao. Kila hatua jaribu baharini ukiwa na shehena yako ya kawaida, maana boti tupu hukimbia tofauti kabisa.