Matoazi Hayashushwi kwa Feida

Bendi moja ya roki ilinitumia nyimbo tisa nizimiksi, yaani nizipatanishe sauti zake. Gitaa zilikuwa zimerekodiwa vizuri, mwimbaji ana koo la chuma, besi imetulia. Nikafungua traki za dramu, rekodi ya kila maiki kando. Nikapandisha feida (kile kidude cha kuteleza cha kuongeza na kupunguza sauti) ya sneya, ngoma ndogo kali yenye nyaya chini; matoazi yakapanda nayo. Nikapandisha tomu, zile ngoma za pembeni: matoazi. Nikabakiza peke yake maiki ya kiki (ngoma kubwa ya mguuni), ile iliyozamishwa ndani kabisa ya ngoma, na humo nako nikayasikia yakichachatika kwa mbali kama mvua kwenye paa la jirani. Maiki kumi na mbili, na zote zilikuwa zimerekodi kitu kimoja.

Ujumbe ulioambatana na mafaili ulisema: "Kaka, sneya tunaitaka mbele, nene, halafu matoazi yakae nyuma kidogo." Nikacheka peke yangu, kisha nikaenda kuchemsha chai, maana nilijua siku imeshaharibika.

Nimepiga dramu tangu nikiwa kijana, na kwa miaka mingi sasa riziki yangu imetoka zaidi upande wa pili wa kioo cha studio: narekodi, namiksi na kuprodyuzi albamu za roki. Wapiga dramu wenzangu wakinikuta huniuliza wanunue maiki gani, watumie programu gani. Jibu langu huwaudhi. Katika bendi nzima, mpiga dramu ndiye anayejimiksi mwenyewe huku akipiga. Mpiga gitaa akizidisha, nashusha feida moja na yamekwisha. Mpiga dramu ana vyombo saba au nane vilivyobanana ndani ya mita mbili, na kila maiki inavisikia vyote. Uwiano kati ya mguu wake wa kulia na mkono wake wa kulia ukishaingia kwenye rekodi, umeingia. Kama alilipiga toazi kwa hasira na sneya kwa huruma, hivyo ndivyo albamu itakavyosikika, nikeshe nisikeshe.

Najua wapo watakaosema: tumia geti. Geti ni bawabu. Sauti ikivuka kiwango ulichoweka anafungua, ikishuka anafunga. Kwa tomu anafaa, kwa sababu hazipigwi mara kwa mara. Kwa sneya ya wimbo wa roki, inayolia kwenye pigo la pili na la nne mwanzo hadi mwisho, bawabu anafungua kila mara na kila mara toazi linapita mlangoni pamoja na sneya. Unachopata ni matoazi yanayoingia na kutoka kama taa mbovu. Afadhali yangevuja muda wote, sikio lingeyazoea.

Njia nyingine ni kuweka sampuli, yaani pigo la sneya safi lililorekodiwa kando, chini ya ile halisi. Nilifanya hivyo kwa nyimbo zote tisa, na sioni aibu kulisema. Lakini sampuli haijui yale mapigo madogo ya kunong'ona ambayo mpigaji hodari huyapachika katikati ya mapigo makubwa. Ukiiruhusu iyapige, inayapiga kwa sauti ya bunduki. Nikalazimika kuyatafuta moja moja na kuiondoa sampuli mahali hapo.

Wala hili si tatizo la wanaoanza. Alipokuwa akirekodi albamu yake ya tatu, iliyotoka mwaka 1980, mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel alipiga marufuku matoazi kabisa. Katika studio ya Townhouse, London, Phil Collins alikuwa akipiga dramu, na mhandisi Hugh Padgham akazisikia dramu kupitia maiki ya mawasiliano, ile inayotundikwa ili wanamuziki waweze kuzungumza na chumba cha mhandisi. Maiki hiyo ilipitia kompresa kali sana, kifaa kinachopunguza sauti kubwa na kunyanyua ndogo, kwa sababu kazi yake ni kunasa maneno ya mtu hata akiwa pembeni ya chumba. Wakaongeza geti, ikazaliwa ile sauti pana inayokatika ghafla kama imefungiwa mlango, sauti iliyotawala miaka iliyofuata. Watu wengi huisifu ile geti. Mimi naona nusu ya siri ni marufuku ya Gabriel. Kompresa kali namna ile hunyanyua kila kilichokuwa chini, na toazi ni chombo kinachochukua muda mrefu kunyamaza. Lingekuwemo, lingelia mfululizo juu ya kila kitu.

Miaka 22 baadaye, kwenye albamu ya bendi ya Queens of the Stone Age iliyotoka 2002, Dave Grohl alipiga dramu kwanza na matoazi akayarekodi baadaye peke yake. Nimeijaribu njia hiyo. Mkono unatafuta toazi ambalo halipo, unakuta hewa, na mwili mzima unayumba. Inataka mtu mwenye nidhamu ya ajabu. Mimi nilifaulu wimbo mmoja, nikaacha.

Kwa hiyo siku hizi bendi ikinipa kazi tangu mwanzo, sianzii studio. Naanzia mazoezini, na simu ya mkononi. Naiweka kwenye kiti mita mbili mbele ya dramu, narekodi wimbo mmoja mzima, kisha namwita mpiga dramu tusikilize wote. Simu inasikiliza kutoka mahali pamoja tu na haimbembelezi mtu. Kama sneya haisikiki kwenye simu, haitasikika hata nikiizungushia maiki za bei mbaya. Kwa kawaida mwenyewe anaelewa kabla sijafungua mdomo. Tunabadilisha matoazi mazito kwa membamba, tunayanyanyua sentimita kumi hivi yaachane na maiki za tomu, na kibwagizo kinachopigwa juu ya toazi lililoachwa wazi tunajaribu kukihamishia kwenye haihati (yale matoazi mawili ya kubanwa kwa mguu) iliyobanwa nusu. Kijana mmoja alisikiliza rekodi yake hadi mwisho bila kusema neno, akaenda kufungua toazi moja, akaliegemeza ukutani nyuma yake. Halikurudi hadi albamu ilipokwisha.

Ngozi sitazisema sana. Ziwe mpya, skrubu zikazwe kwa kukingamana kidogo kidogo badala ya kuzunguka duara, na ya sneya ibadilishwe ikianza kubonyea, hata kama ni katikati ya siku ya kurekodi. Tomu ikifanya nyaya za sneya zitetemeke, ipandishe au ishushe nusu noti kabla hujaanza kubandika tepu kila mahali.

Pa kukaa kidogo ni kwenye fezi, yaani jinsi wimbi moja la sauti linavyofika kwenye maiki tofauti, maana hapo ndipo dramu nzuri zinapofia mikononi mwa watu wenye vifaa vizuri.

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja kwa karibu milisekunde tatu. Sasa chukua sneya ambayo noti yake ya msingi ni Hz 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), jambo la kawaida kabisa. Wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa kama mita 1.7, na nusu yake ni sentimita 86. Umeweka maiki ya karibu kwenye umbali wa sentimita 4 kutoka kwenye ngozi ya sneya, na maiki ya juu ya dramu sentimita 90. Tofauti ni sentimita 86. Maana yake ni kwamba wimbi linapofika maiki ya juu likiwa linasukuma, kwenye maiki ya karibu tayari linavuta. Ukizichanganya, mwili wa sneya unajifuta wenyewe. Kinachobaki ni kelele ya nyaya, na fundi anaanza kuongeza besi kwenye kitu ambacho amekiua kwa mkono wake. Dawa ni kitufe kimoja chenye alama ya duara lililokatwa mstari, kinachogeuza wimbi juu chini. Kibonyeze kwenye traki ya sneya, sikiliza, kiachilie, sikiliza. Upande ulio mnene ndio wako.

Ndiyo maana kifaa ninachokithamini kuliko maiki yoyote ni futikamba. Maiki zangu mbili za juu lazima zilingane umbali kutoka katikati ya sneya. Ikizidi moja kwa sentimita 30, sauti inachelewa upande huo karibu milisekunde moja, na eneo la Hz 570 linatobolewa shimo mtu akisikiliza kwenye spika moja ya simu. Glyn Johns, mhandisi Mwingereza, amepata jina kwa mpangilio unaosimama juu ya kipimo hicho hicho: maiki moja juu, nyingine pembeni karibu na tomu ya chini, zote umbali sawa na sneya. Mdogo wake Andy alienda mbali zaidi. Mwaka 1971, ndani ya nyumba ya Headley Grange huko Uingereza, alimweka John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya Led Zeppelin, chini ukumbini na kutundika maiki mbili juu kwenye ngazi. Hakuna maiki kwenye sneya, hakuna kwenye tomu. Bila shaka njia hiyo inamdai mpigaji awe Bonham, yaani mtu ambaye miguu na mikono yake vimeshapatana kabla sauti haijapanda ngazi.

Watu huniuliza pia mpiga dramu anaishiaje kuwa prodyuza. Yuko Butch Vig, aliyeprodyuzi albamu ya bendi ya Nirvana pale Sound City, Los Angeles, mwaka 1991, kisha akapiga dramu katika bendi ya Garbage. Njia yangu haina heshima kama hiyo. Albamu ya roki kwa kawaida huanza kurekodiwa kwa dramu. Siku ya pili au ya tatu umemaliza, umefungasha, na wenzako wana wiki mbili za gitaa na sauti mbele yao. Wengi huondoka. Mimi nilikuwa sina pa kwenda, nikabaki kwenye kochi nyuma ya mhandisi. Ukikaa kwenye kochi hilo miaka mitatu, kuna siku mhandisi atatoka kupokea simu na kukuambia, "Mshikie huyo mpiga gitaa, bonyeza hicho chekundu." Nikabonyeza.

Nilichokuja nacho kutoka kwenye dramu ni muda. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Nikipima mpiga dramu mzuri dhidi ya kliki, ule mdundo wa mashine wa kuhesabia muda, nakuta sneya yake inachelewa labda milisekunde 15, kila mara, mwanzo hadi mwisho. Huo ndio uzito wa wimbo. Ndiyo maana shingo ya msikilizaji inaanza kutikisika. Programu haijui hilo. Inaona pigo limetoka nje ya mstari, inalirudisha, na baada ya sekunde chache wimbo unatembea wima kama gwaride. Ninayonyoosha ni yale mapigo yaliyotoka nje ya tabia ya mpigaji mwenyewe, hata kama yameangukia sawasawa kwenye kliki. Na nikikata, nakata traki zote za dramu pamoja. Ukiisogeza sneya peke yake, ile sneya iliyovuja kwenye maiki nyingine kumi na moja inabaki nyuma, unapata sneya mbili, na hesabu yote ya futikamba imekwenda na maji.

Nilichokuja nacho kibaya ni upendeleo. Miksi zangu za mwanzo zilikuwa matamasha ya dramu yenye uimbaji kwa mbali. Mwimbaji mmoja alizisikiliza kwa adabu zote, akaniuliza kama anaweza kusikika kwenye wimbo wake. Tangu siku hiyo nashusha sauti ya spika hadi niweze kuzungumza juu yake bila kuinua sauti. Katika kiwango hicho miguno mizito na ming'aro hupotea kwanza, inabaki sneya na mwimbaji wakigombea katikati, na ni rahisi kuona nani anamwonea nani. Kiki na besi nazimaliza baadaye. Hizo ni chanda na pete: mmoja akikaa Hz 60, mwenziwe namsukuma hadi Hz 90 au 100, na siku inayofuata naweza kuzibadilisha. (Hii kiki ni ya mguuni. Ile ya mitandaoni sina utaalamu nayo.)

Zile nyimbo tisa ziliisha, na bendi iliridhika. Kwenye nyimbo mbili nilishindwa kabisa kuyatuliza matoazi, nikageuza mkakati: nikayaacha yalie, nikanenepesha gitaa chini yake mpaka ikaonekana tulikusudia.

Kazi moja tu siifanyi tena, nayo ni kumiksi dramu nilizopiga mwenyewe. Kinyozi hajinyoi. Nikizisikiliza zangu, nasikia nilichokusudia kupiga badala ya nilichopiga, na feida zinapanda zenyewe. Zangu nampelekea mwenzangu mmoja ambaye hana simile. Mara ya mwisho nilimtumia traki za wimbo mzima nikiwa na uhakika kwamba safari hii hataona pa kunishika. Jibu lake lilikuja baada ya dakika kumi, mstari mmoja: "Mzee, haihati yako iko kwenye kila maiki."