Uchungu hauui sukari

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliletwa kwenye farmasi yangu na mjukuu wake saa nne asubuhi, kitenge kimelowa jasho, mikono inatetemeka. Mjukuu alidhani ni malaria. Nikamchoma kidole: glisemi, yaani sukari ya damu, 48, chini mno. Nilikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, akanywa, na baada ya dakika kumi na tano ikapanda hadi 81. Hapo ndipo akaanza kunitambua.

"Mwanangu, mimi niko nakunywa kinkina tu," akasema. "Si ni ya uchungu? Uchungu unaua sukari."

Hakuwa anakunywa kinkina tu, yale maji ya gome chungu. Alikuwa anameza na glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari alichoandikiwa na daktari, na siku hiyo alitoka bila kula ili awahi sokoni. Nilimtuma hospitali ingawa aliapa kwamba amepona, maana glibenklamidi hukaa mwilini saa nyingi, na sukari uliyoipandisha kwa kijiko asubuhi inaweza kuanguka tena mchana, hasa kwa mzee ambaye figo zimechoka.

Kinkina hapa Bukavu haihitaji kuelezwa. Miti yake inalimwa Kivu tangu enzi za wakoloni, na kiwanda cha Pharmakina, hapa hapa mjini, kinatoa kwinini katika magome yake. Hata neno letu "kinini", ambalo kwetu ni kidonge chochote kile, linatokana na hiyo kwinini. Kwa hiyo mtu akipata gome kutoka kwa ndugu wa kijijini, anachemsha sufuria, anajaza chupa, anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Nani atamwogopa mti aliokua nao?

Sasa, jambo ambalo wengi hushangaa nikiwaambia: yule mama hakukosea kabisa. Kwinini kweli hushusha sukari. Inaisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, na madaktari wanaotibu malaria kali kwa kwinini ya mshipani wanajua kwamba lazima wafuatilie glisemi ya mgonjwa, zaidi akiwa mjamzito. Lakini uchungu wenyewe hauna kazi hapo. Uchungu ni wa ulimini, insulini inatoka kwenye kongosho. Kuna majani machungu kama nini yasiyogusa sukari hata kidogo, na glibenklamidi, inayoishusha kwa nguvu, humezwa na maji bila mtu kukunja uso.

Glibenklamidi nayo inaisukuma kongosho ile ile. Inaitoa insulini hata kama tumbo ni tupu. Ukiongeza kinkina juu yake, ni watu wawili wanaoisukuma gari moja kwenye mteremko wa Nguba, na hakuna aliyekaa kwenye breki.

Basi kwa nini tusiache vidonge tukanywa kinkina peke yake, kwa kipimo? Mteja mmoja, mwalimu, aliniuliza hivyo, na swali lake si la kijinga. Shida ni kwamba kwinini haina nafasi kubwa kati ya kufaa na kudhuru: masikio yanavuma, macho yanaweza kufifia, mapigo ya moyo yanavurugika. Kiwandani wanapima kilichomo. Jikoni, gome la mti huu na la mti ule havilingani, na chupa ya leo si ya jana.

Nisieleweke kwamba nadharau miti. Metformini, kidonge ambacho karibu kila mgonjwa wa sukari wa aina ya pili hapa mjini anakijua, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Kondoo wakiula mwingi hufa. Kemikali inayofanana na ya mmea huo ilitengenezwa maabara mwaka 1922, na ilipofika 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akaandika juu ya wagonjwa aliowatibu nayo. Tangu majani ya galega hadi kidonge cha miligramu 500, kilichopatikana ni kipimo. Metformini inapunguza sukari inayotolewa na ini, na ikitumiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu.

Mubirizi nauulizwa kila wiki. Ni ule mti wa majani machungu ambao sokwe wa Mahale, ng'ambo ya Tanganyika, wameonekana wakitafuna moyo wa tawi lake wanapougua minyoo. (Sokwe hawana kisukari cha kuwasimulia, kwa hiyo wasitumiwe kama mashahidi.) Kwa panya wa maabara majani yake yameshusha sukari, kwa binadamu ushahidi ni mdogo. Mimi simkatazi mtu kuyala kama mboga, yakisuguliwa na kuoshwa mpaka uchungu upungue, karibu na maharagi na bugali kidogo. Kuyachemsha bidoni nzima na kuyanywa mwezi mzima ni habari nyingine. Na wauzaji wanaotia asali ili dawa ishuke vizuri kooni, hao ninawagombeza: asali ni sukari.

Ninachokiogopa kuliko kinkina na mubirizi ni ile poda isiyo na jina, ndani ya kisachet (kipakiti kidogo), inayoshusha glisemi kwa siku mbili tu. Ni nadra mti kufanya haraka hivyo. Mara nyingi aliyefanya ni kidonge kilichosagwa. Singapore, mwanzoni mwa 2008, dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kwa magendo zilikutwa na glibenklamidi. Watu 150 wasiokuwa hata na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka, na wanne wakafa.

Anayetumia insulini tangu utotoni, mazungumzo haya yote hayamhusu. Kongosho yake haitoi kitu cha kusukumwa. Akiiacha sindano kwa ajili ya chupa, siku chache tu zinatosha damu yake kugeuka asidi.

Kwa wengine naomba wanionyeshe jani lenyewe, wasiniletee jina tu, maana jina la mti linalotumika Kabare si lazima liwe lile la Walungu. Naomba waanze mti mmoja, si mitano. Wapime glisemi kabla ya kula asubuhi, siku kadhaa kabla ya kuanza na siku kadhaa baada. Vibandiko vya kupimia ni ghali, najua, lakini bila hivyo tunabahatisha. Vidonge visipunguzwe kimya kimya. Mjamzito, mwenye figo mbovu na anayengoja kupasuliwa, hao nawaambia hapana moja kwa moja, na wananikasirikia.

Yule mama alirudi baada ya wiki tatu, amekula, glisemi 134. Daktari alikuwa amempunguzia glibenklamidi. Kinkina ameiacha, alisema, akaapa kwa jina la marehemu mumewe. Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa kisachet cha poda ya kahawia, akakiweka juu ya meza.

"Hii je? Jirani amenipa. Hata si ya uchungu."