Ugomvi wa Wadudu na Kamba: Kemikali za Ubongo Zinafanya Nini Hasa?

Dhana: Mdudu hupigana kama mashine. Ukiwakutanisha madume wawili, lazima patachimbika.

Si lazima. Mtazame nyenje dume anapokutana na mwenzake. Huanza kwa kupigana kwa papasi, yaani vipapasio vya kichwani, huku wakipimana. Asipoondoka mtu, hutanua mataya, kisha huumana na kusukumana. Katika hatua yoyote mmoja anaweza kughairi akakimbia, na mara nyingi mambo huisha mapema. Mshindi hubaki akilia kwa kusugua mbawa zake. Uamuzi upo, na hapo ndipo kemikali zinapofanya kazi.

Dhana: Aliyekimbia ameishiwa nguvu.

Hii ndiyo potofu kuliko zote. Nyenje aliyeshindwa huwakwepa madume wenzake kwa saa nyingi, ilhali mwili wake ni mzima. Mwaka 2000 watafiti Hans Hofmann na Paul Stevenson walionyesha kwamba akifanywa aruke kwa mbawa kidogo tu, hurudi kupambana. Wachina wanaopiganisha nyenje walikuwa wakilitumia jambo hilo tangu zamani: humtikisa aliyeshindwa mkononi na kumtupa hewani kabla ya kumrudisha ulingoni.

Kuruka huchochea oktopamini, kemikali inayofanana sana na noradrenalini yetu (ile inayoushtua mwili wakati wa hatari), na nyenje aliyepungukiwa nayo huwa mzito wa kuanza ugomvi. Upande wa pili ipo nitriki oksidi, gesi inayotengenezwa na seli za neva zenyewe. Stevenson na mwenzake Jan Rillich walipozuia isitengenezwe, nyenje walivumilia kichapo kwa muda mrefu zaidi, na walioshindwa walirudi kupigana mapema. Kwa maelezo yao, nyenje hujumlisha kila shambulio la mpinzani. Jumla ikizidi ari aliyonayo, anatimua mbio. Kwa maoni yangu hili ni jambo la ajabu sana kwa ubongo mdogo kiasi kile.

Dhana: Serotonini hutuliza kila kiumbe.

Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, mara nyingi huhusishwa na kupungua kwa ukali, na wengi wameichukua kuwa kanuni ya viumbe wote. Sivyo. Mwaka 1980, katika maabara ya Edward Kravitz huko Harvard, kambakoche wa Marekani (yule mwenye magando makubwa, ambayo wa pwani yetu hana) alipodungwa serotonini aliinuka juu ya miguu yake na kukunja mkia, mkao wa mbabe. Alipodungwa oktopamini alinyooka na kulala chini kama aliyesalimu amri. Yaani kemikali ileile inayomtia nyenje ari humfanya kambakoche aonekane mnyonge! Ndiyo maana haifai kuiita kemikali yoyote "ya vita" au "ya amani", wala kumchukua kambakoche, kama wafanyavyo baadhi ya watu, kuwa ushahidi wa namna binadamu wanavyopaswa kutawalana.

Robert Huber na wenzake waliendelea mwaka 1997 na kuona kwamba kamba wanyonge waliopewa serotonini waliwakabili tena wapinzani wao. Hawakupata misuli mipya. Walichelewa tu kukubali kurudi nyuma.

Dhana: Dozi ileile huleta matokeo yaleyale.

Mwaka 1996 Shih-Rung Yeh, Russell Fricke na Donald Edwards walimchunguza kamba mwekundu wa maji baridi, spishi ileile iliyoingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Walilenga seli kubwa ya neva inayomfanya apige mkia na kuchomoka kwa kasi anapohisi hatari. Kwa kamba mbabe, serotonini iliifanya seli hiyo iwe nyepesi kuitikia. Kwa kamba mnyonge iliizuia. Seli ni hiyo moja na kemikali ni hiyo moja. Wanyonge wawili walipowekwa pamoja, mmoja akaibuka mbabe, naye athari ya serotonini ikageuka taratibu ikafuata cheo chake kipya.