Waya wa hadi diski ya nje: tunayoamini na yaliyo kweli

"Waya wowote unaoingia unafaa." Dhana hii inawapotezea watu muda kuliko nyingine zote, na imekua tangu USB-C (ile watu wanayoiita Type-C) ilipotoka mwaka 2014. Umbo la kichwa halikuambii ndani mna nyuzi gani. Nyaya nyingi za USB-C zinazokuja na simu zimekusudiwa kuchaji. Upande wa data zinaishia USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja). Hata ule wa kwenye boksi la iPhone 15 ndivyo ulivyo.

Uchomeke kwenye hadi diski, na faili zitapita kwa megabaiti 35 hivi kwa sekunde, ilhali diski ya kawaida inayozunguka ingeweza kufikisha 120. Una gigabaiti 100 za video ya harusi za kuhamisha? Waya sahihi utamaliza kwa dakika kama 14, wa simu utakuweka karibu dakika 50. Mwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, ya gigabiti 10 kwa sekunde ndiye anayeumia zaidi, maana kasi aliyoilipia inabaki sehemu ndogo sana.

Kwa hiyo uutunze waya uliokuja na diski yako, na uutie alama. Ukipotea, dukani usiombe "Type-C" tu. Sema unataka wa data, wa gigabiti 5 au 10, na uhakikishe namba hiyo imeandikwa. Majina yasikuchanganye: USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 zote ni gigabiti 5.

Diski nyingi za inchi 2.5, yaani zile ndogo, zina tundu pana lenye sehemu mbili. Waya wa simu za zamani za Android huingia kwenye ile sehemu kubwa, na diski huwaka. Mtu akaridhika. Lakini pini 5 za pembeni hazijaguswa, kwa hiyo amerudi USB 2.0.

"Diski ikilia tik-tik imeshakufa." Hapa naomba usiharakishe. Diski ndogo huchota umeme kupitia waya huohuo wa data: tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900, na mota huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Waya mrefu na mwembamba hupunguza volti njiani, mota inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Jaribu waya mfupi, moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kipanuzi. Mlio ukiendelea hata hapo, zima kabisa umpelekee fundi wa kuokoa data. Kila unapoiwasha unaweza kuzidi kuikwaruza. Diski za inchi 3.5 kwa kawaida zinahitaji adapta yake ya volti 12, na hakuna waya wa USB wa kawaida unaoziba pengo hilo.

Rangi ya bluu ndani ya kichwa ni dalili nzuri ya USB 3, ila si lazima iwepo, na watengenezaji wengine hawaiweki.

Na dhahabu kwenye pini? Husaidia zisishike kutu. Kasi haiongezi hata kidogo, kwa hiyo pesa hiyo nunulia waya mfupi wenye namba zilizoandikwa wazi.