Jua la utosi ni nini?

Jua likiwa juu kabisa ya kichwa, hata mlingoti uliosimama wima ukakosa kivuli, hilo ndilo jua la utosi. Wengi hudhani hutokea kila siku saa sita mchana, hasa kwetu tunaokaa karibu na ikweta. Sivyo. Dar es Salaam hulipata mara mbili tu kwa mwaka: tarehe 3 au 4 Machi, kisha tarehe 10 Oktoba au siku inayofuata. Nairobi ni katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Wala si saa sita kamili. Dar es Salaam, kivuli hicho hutoweka yapata saa 6:35 mwezi Machi, na saa 6:10 Oktoba.

Siku nyingine zote jua la adhuhuri huwa limeegemea upande. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4, na mwinamo huo haugeuki Dunia inapolizunguka Jua. Juni ncha ya kaskazini ndiyo inayolielekea Jua, kwa hiyo jua la utosi hufika Tropiki ya Kansa, mstari wa nyuzi 23.4 kaskazini mwa ikweta. Muscat iko karibu mno na mstari huo: adhuhuri ya tarehe 21 Juni vivuli vyake karibu havipo, ilhali vya Dar es Salaam vimelala kuelekea kusini. Desemba jua la utosi huwa limeshuka hadi Tropiki ya Kaprikoni, mstari kama huo upande wa kusini. Majira ya joto na baridi hayaletwi na umbali wa Dunia na Jua. Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya wanatetemeka kwa baridi.

Anayejenga Dar es Salaam afikirie hili kabla ya kuweka madirisha: jua la Juni huingia kwa upande wa kaskazini, la Desemba kwa kusini. Hata kuchomoza mashariki barabara hutokea karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba tu.

Urefu wa mchana kwetu haubadiliki sana, hata saa moja haifiki. London mchana wa Desemba haufiki saa 8, wa Juni hupita 16.

Lakini mvua zetu hulifuata jua hilo. Mkanda wa mvua husogea nyuma yake, ukichelewa kwa wiki kadhaa: likipita kwenda kaskazini huja masika, likirudi kusini huja vuli.