Je, wajua? Kwa nini chanjo ya mtoto hulinda dawa ya mtu mzima

Jumamosi moja jioni nilikuwa kwenye foleni ya kemisti pale Kondele, mjini Kisumu, nyuma ya jamaa aliyevaa reflekta ya bodaboda. Kikohozi kilikuwa kimemshika. "Daktari, nisaidie na Septrin za hamsini," akasema. Septrin ni dawa ya bakteria, lakini muuzaji hakuuliza kitu. Akavuta ukanda wa vidonge, akahesabu kwa ncha ya kidole, akaukata kwa makasi katikati ya jina la dawa, hata kipande alichompa mteja kikabaki na herufi nne tu: "trin". Jamaa akatia mfukoni, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Ukiuliza kwa nini dawa za bakteria zinaanza kushindwa, utajibiwa kwamba watu kama huyo hawamalizi dozi. Si uongo, ila jibu hilo nalo limekatwa katikati. Chukua nimokoka, bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia. Usugu wake, yaani uwezo wa kuihimili dawa, kwa sehemu kubwa haukomazwi kifuani mwa mgonjwa. Hukomazwa puani mwa mtoto asiyeumwa kabisa, anayekimbiza tairi uani na makamasi yake mawili. Ndiyo maana sindano ya chanjo, ambayo haina hata tone la dawa ya kuua bakteria, imeweza kupunguza usugu wa dawa.

Makao ya nimokoka ni nyuma ya pua, pale pua inapokutana na koo. Katika jamii zetu, zaidi ya nusu ya watoto wadogo huwa naye wakati wowote ule, bila homa wala dalili ya maana. Anakaa wiki kadhaa, anaondoka, mwingine anahamia. Watoto wanne wakilala kitanda kimoja katika mitaa ya Nyalenda au Obunga hapo Kisumu, wapangaji hao huzunguka kama blanketi. Balaa huanza anapohama. Akipanda sikioni, mtoto hulia usiku kucha. Akishuka mapafuni, ni nimonia. Akiingia kwenye damu, au kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo bakteria hana ruhusa ya kufika, hapo madaktari huuita ugonjwa vamizi. Wanaoumia zaidi ni watoto chini ya miaka miwili, wazee, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa damu, ambao huku kando ya Ziwa Victoria ni wengi.

Sasa, anaikwepaje dawa? Penisilini, pamoja na binamu yake amoksilini, huua kwa kuvuruga ujenzi. Bakteria ana ukuta, na ukuta huo hufumwa na vimeng'enya. Dawa hukaa juu ya vimeng'enya hivyo, kazi inasimama, ukuta unapasuka. Bakteria wengine wamejibu kwa kutengeneza makasi, yaani kimeng'enya cha kuikata penisilini kabla haijafika. Nimokoka hana makasi. Yeye amebadilisha umbo la vifaa vyake vya kufumia, dawa ikifika haipati pa kukaa vizuri.

Hapa niwasemeshe kidogo wapenzi wa Augmentin. Dawa ile ni amoksilini yenye kiongezi, na kazi ya kiongezi ni kuyazuia yale makasi. Kwa bakteria wenye makasi kina maana kubwa. Kwa nimokoka, hakina cha kuzuia. Anayelipa bei ya juu kwa kuwa "hii ndiyo kali" amenunua, dhidi ya nimokoka, amoksilini ileile kwenye pakiti ya kupendeza.

Umbo jipya la vifaa alilitoa wapi? Kwa jirani. Mdomoni na kooni kuna bakteria wengine wa ukoo wake, wapole, ambao tunawamezesha dawa kila tunapomeza sisi. Jirani akifa, vipande vya vinasaba vyake huelea, na nimokoka ana kipaji cha kuviokota na kuvishona kwenye vyake. Kipaji hicho kilijulikana zamani. Mwaka 1928 daktari Mwingereza Frederick Griffith alichanganya nimokoka wakali waliouawa kwa joto na wengine hai wasio na madhara, akawadunga panya. Peke yao, wala hao wala hao hawakuua. Wakiwa pamoja, panya walikufa, na ndani yao mlikuwa na nimokoka wakali walio hai: wapole walikuwa wameokota ukali wa maiti. Mwaka huohuo, jijini London, Alexander Fleming aliona ukungu uliozuia bakteria kwenye kisahani chake, tukapata penisilini. Yaani dawa, na ule ujanja wa bakteria uliokuja kuisumbua, vilionekana mwaka mmoja. Pua ya mtoto, kwa hesabu hii, ni soko la mitumba kama Kibuye siku ya Jumapili: kila mtu anachagua, na nguo ya marehemu haibagui mvaaji.

Na jambo ambalo wengi hatulifikirii ni kwamba dawa haijui umeimeza kwa sababu gani. Umeitumia kwa kuhara, kwa kidonda, kwa "taifodi" ambayo hata hukupimwa, lakini inapita kwenye damu hadi puani na kuwakuta nimokoka wamekaa zao. Dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na nafasi yote. Mfano unaonishangaza hadi leo ni wa malaria. Mwaka 1998 Kenya iliifanya Fansidar kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa vile klorokwini ilikuwa imechoka, na ukanda wa ziwa ulizimeza kwa wingi. Fansidar na Septrin ni za ukoo mmoja: zote huziba njia ya vijidudu ya kujitengenezea foleti, vitamini wanayoihitaji ili kuzaliana. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto waliotibiwa malaria kwa dawa ya aina hiyo walibaki na nimokoka sugu kwa Septrin wengi zaidi puani kuliko kabla ya tiba. Mbu ndiye aliyeuma. Aliyepata somo ni bakteria wa pua.

Ongeza Septrin ya kila siku waliyopewa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Iliokoa maisha ya wengi na sitasikika nikiilaumu. Lakini matokeo ni kwamba Septrin leo ni silaha butu dhidi ya nimokoka katika sehemu nyingi za Afrika, na Shirika la Afya Duniani lilishaiondoa kwenye tiba ya kawaida ya nimonia ya watoto, likaweka amoksilini. Jamaa wa Kondele, kama kikohozi chake kilikuwa cha nimokoka, alinunua matumaini ya shilingi hamsini.

Usugu wa penisilini wenyewe si mlango wa kufungwa au kufunguliwa, ni ngazi. Nimokoka aliyepanda vidaraja vichache bado hushindwa mapafuni ukiongeza kipimo, kwa sababu dawa hufika huko kwa wingi. Kwenye homa ya uti wa mgongo mambo ni mengine. Ubongo una kizuizi kinachoruhusu dawa kidogo tu, na kidogo hicho hakimwezi. Kwa hiyo maabara hutumia viwango viwili tofauti vya kuamua usugu: bakteria yuleyule anaweza kuandikwa "anatibika" akitoka kwenye nimonia na "sugu" akitoka kwenye maji ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu mtoto mwenye shingo iliyokakamaa huwekewa seftriaksoni, dawa nyingine ya bakteria, kwenye mshipa mapema, bila kusubiri majibu ya maabara, ambayo huchukua siku kadhaa. Na kama mzazi alipitia kemisti kwanza, huenda majibu yasionyeshe kitu, kwa kuwa dozi ile nusu imeshawanyamazisha bakteria wa kwenye chupa ya maabara bila kumponya mtoto.

Turudi kwenye sindano. Nimokoka huvaa koti la sukari, nalo lina aina zaidi ya 100. Mwili wa mtoto mchanga hauitambui vizuri sukari peke yake, kwa hiyo watengenezaji wa chanjo waliibandika kwenye protini, na hapo kinga yake huamka. Kenya ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2011, ikiwa na makoti 10, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huchomwa paja la kulia. La kushoto ni la ile ya magonjwa matano, ndiyo maana siku hiyo mtoto hakubali kubebwa upande wowote. Kingamwili zinazopatikana hufika hadi kwenye utando wa pua, na nimokoka mwenye koti linalojulikana anakosa pa kukaa.

Chanjo haiulizi kama bakteria ni sugu. Inaangalia koti tu. Lakini makoti kama 6B, 14, 19F na 23F yalikuwa ndiyo yanayokaa puani mwa watoto kwa muda mrefu, na anayekaa muda mrefu puani mwa mtoto anayepewa dawa kila mwezi ndiye anayejifunza kuzikwepa. Kwa hiyo sugu wengi walikuwa wamevaa makoti yaleyale machache, na yote manne yamo kwenye chanjo. Afrika Kusini, iliyoanza kuchanja mwaka 2009, iliona ifikapo mwaka 2012 ugonjwa vamizi wa nimokoka wasiosikia penisilini umepungua kwa asilimia 82 kwa watoto chini ya miaka miwili. Hapa kwetu, Kilifi, ambako wagonjwa walifuatiliwa tangu mwaka 1999, ugonjwa vamizi wa makoti ya chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa walio chini ya miaka mitano. Ukapungua pia kwa watu wazima ambao hawakuchomwa sindano hata moja. Bibi anayebusiwa na mjukuu asiyembeba nimokoka hana pa kumpatia, na akiugua kifua kwa sababu nyingine, amoksilini yake haijazoeleka.

Kuna faida ya pili, isiyoonekana: dozi ambazo hazikumezwa. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2020 ulikadiria kwamba chanjo hii huzuia kila mwaka matukio milioni 23.8 ya ugonjwa ambayo watoto wadogo wa nchi za kipato cha chini na cha kati wangepewa dawa za bakteria. Ukanda mmoja mmoja usiokatwa.

Nimokoka naye hakukaa kimya. Marekani ilipoanza na chanjo ya makoti 7 mwaka 2000, nafasi iliyoachwa wazi puani ilijazwa na wengine, hasa 19A, aliyekuja na usugu wake mkobani. Chanjo ya makoti 13 ikamwongeza, na ile ya makoti 10 inayotengenezwa India, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2019, nayo inamjumuisha. Mchezo huu hauna kipenga cha mwisho, na mimi sioni aibu kusema chanjo inamkimbiza bakteria bila kumfikia. Kumkimbiza tu kunamnyima muda wa kukaa darasani.

Mahali ambapo haya yote yanakutana ni kwenye benchi la kliniki ya sikoseli. Bandama, kiungo kinachochuja bakteria wenye makoti kutoka kwenye damu, huharibika mapema kwa watoto hao, ndipo nimokoka anaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza asubuhi na jioni ilipunguza maambukizi makali kwa asilimia 84, na tangu hapo watoto wenye sikoseli hupewa hadi miaka mitano. Nilimsikia mama mmoja akimuuliza muuguzi, "Sista, kama amechanjwa, mbona tena vidonge kila siku?" Muuguzi alikuwa anaandika tarehe kwenye kitabu cha kliniki na hakuinua kichwa. "Mama, chanjo inajua makoti kumi tu. Hao wengine tunawaachia vidonge, na tunaomba viendelee kuwaweza." Kisha akamwambia arudi baada ya mwezi, na aje na ile chupa ya vidonge ahesabu vilivyobaki.